Tarehe niliyojiwekea ilininyima Krismasi tatu na mama

Siku nilipofikisha miaka 27 sikukata keki. Nilikuwa kwenye keja yangu Umoja, bedsita ya ghorofa ya tano, tokeni za stima zikielekea kuisha, nikitafuta kitambulisho chini ya godoro. Kitambulisho sikukipata. Nilichopata ni kaunta buku la zamani, jalada limekunjika, na ndani yake maisha yangu yote yamepangwa.

Ukurasa huo niliuandika usiku wa Desemba 31, 2017. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nina miaka 19 na biki nyekundu. Orodha yenyewe ilikuwa hivi:

Digrii: 22
Kazi ya ofisi: 23
Ploti yangu: 25
Kumjengea mama nyumba ya mawe: 27
Ndoa: 28

Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Digrii sina. Ofisi za watu nazijua kwa kupeleka viatu vya wateja mapokezi. Ploti, ngoja nitakueleza. Ndoa bado nina mwaka mmoja, labda niharakishe nikamate yeyote pale steji. Lakini kilichonikata kicheko ni mstari wa nne. Nyumba ya mama. 27. Yaani leo.

Na mama mwenyewe nilikuwa sijamwona tangu Pasaka ya 2022.

Usidhani anaishi Marekani. Anaishi Mwala, kaunti ya Machakos. Nauli ya kwenda haifiki elfu moja. Krismasi ya 2022 sikwenda, nikasema kazi ni nyingi. Ya 2023 sikwenda, nikasema nina homa. Ya 2024 sikusema chochote, nilituma Sh1,500 kwa M-Pesa nikazima simu. Kuna siku alikuja Nairobi kumwona shangazi hospitalini, nikamwambia niko Mombasa kikazi. Nilikuwa Umoja, nimejifunika blanketi.

Hatukuwa tumekosana. Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nimejipa tarehe ya kumjengea nyumba, tarehe inakuja mbio, na mimi sina hata tofali. Nikaamua sitakanyaga kwetu mpaka niwe na kitu cha kuonyesha.

Leo nataka tuzungumze kuhusu tarehe hizi tunazojiwekea, kwa sababu najua si mimi pekee mwenye kaunta buku. Lako huenda liko kichwani, au kwenye simu.

Kengele za kujitungia

Sijui wewe tarehe zako ulizitoa wapi. Zangu nadhani zilitoka shuleni. Sisi tuliopitia 8-4-4 tulikua na ratiba mkononi. Miaka 8 shule ya msingi, 4 sekondari, 4 chuo kikuu. Mfumo huo ulianza mwaka wa 1985, na kwa miaka mingi mtoto wa Kenya aliweza kukuambia atakuwa wapi akiwa na miaka 14 na akiwa na 18. Kila hatua ina mtihani, kila mtihani una tarehe, na tarehe hiyo hakuweka yeye.

Halafu unamaliza kidato cha nne na kengele inaacha kulia. Hakuna KCSE ya kuhama kwa mzazi. Hakuna mtihani wa taifa wa kununua ploti. Tumezoea kengele, basi tunajitungia zetu. Na tukishazitunga, mtaa unazikaza. Mtu mliyeketi naye dawati moja anaposti ufunguo wa gari kwenye stetasi. Ukienda matanga, shangazi anakuuliza mbele ya watu utaleta mgeni lini. Unarudi nyumbani, unafungua kitabu, unaona umechelewa.

Mimi nilianza kuchelewa mapema. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ilifunga shule na vyuo. Nilikuwa mwaka wa tatu. Mama alikuwa na kibanda cha chakula Industrial Area, akipikia watu wa mjengo na wa viwandani. Wateja walipotea kwa muda wa wiki mbili hivi. Kufikia Agosti alikuwa amefunga, akauza sufuria zake kubwa zote mbili, akarudi Mwala. Chuo kilipofunguliwa, nilikuwa nadaiwa karo ya Sh48,000. Usipolipa husajiliwi, usiposajiliwa hufanyi mtihani. Nikasema nitapumzika semista moja tu. Semista hiyo haijaisha hadi leo.

Sasa kumbuka jambo moja kuhusu mwaka huo. Mtihani wa KCSE wa 2020 haukufanywa 2020. Watahiniwa waliukalia Machi na Aprili 2021. Madarasa mengi hayakurudi shuleni hadi Januari 2021. Nchi nzima ilisogeza tarehe, na hakuna aliyemwambia mtoto wa kidato cha pili kwamba amefeli maisha. Sote tulielewa kwamba mlango ulikuwa umefungwa.

Lakini mimi, niliyefungiwa na korona hiyo hiyo, sikujisogezea hata siku moja. Kaunta buku lilisema 22, basi ni 22. Nilipofikisha 22 bila digrii nilijiita mzembe. Mtu mwingine ningemhurumia. Mimi nilijihukumu.

Mwenye haraka hakagui

Ukishachelewa mstari wa kwanza, unajaribu kuufidia kwenye mstari unaofuata. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya ploti.

Ilikuwa Juni 2023. Nilikuwa nakaribia 25. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi ninayofanya mpaka sasa: naandika, na nauza viatu vya mtumba mtandaoni. Naamka saa kumi alfajiri kuwahi Gikomba marobota yakifunguliwa, ili nichague kamera kabla wengine hawajaniachia fagia. Kwa kazi hiyo nilikuwa nimeweka akiba ya Sh35,000. Kwangu hizo ni pesa nyingi, bana.

Kisha nikaona tangazo. Ploti, nusu saa kutoka barabara kuu, lipa kidogo kidogo, malipo ya kwanza ni Sh60,000, ofa inaisha Ijumaa. Ona vile tarehe mbili zilivyokutana. Wao walikuwa na Ijumaa, mimi nilikuwa na Agosti, mwezi wangu wa kuzaliwa. Nilikopa Sh25,000 kwenye programu tatu za mikopo ya simu nikalipa Alhamisi jioni. Sikuenda kuona ardhi. Sikwenda hata ofisi ya ardhi kukagua hatimiliki, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kufanya kwa ada ndogo. Nilipewa risiti nzuri yenye mhuri, nikaipiga picha nikaiweka kwenye stetasi.

Niliendelea kulipa hadi nikafika Sh85,000. Baada ya hapo simu zao hazikupokelewa tena. Nilipokwenda ofisini nilikuta duka la vipodozi.

Tulifundishwa darasa la tatu kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi nilidhani ni ushauri wa watu wanaokimbiza matatu. Sasa najua. Mtu aliyejipa tarehe hakagui, hauliziulizi, hataki kusikia neno “subiri”. Na kuna watu mjini wanaoijua njaa hiyo vizuri sana. Wanachokuuzia hasa ni nafasi ya kusema umefika kwa wakati.

“Mimi nilikuomba gata”

Wiki moja baada ya ile bathidei isiyo na keki nilipanda gari la Machakos. Sikumwambia mama. Machakos mjini nikabadilisha gari hadi Mwala, kisha bodaboda. Nilibeba mkate, sukari, majani ya chai na kilo mbili za mchele. Mizigo ya mtu ambaye hakuleta nyumba.

Nilimkuta shambani na jembe. Kwetu Ukambani mvua tunazotegemea zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba, kwa hivyo Agosti ni wakati wa kutayarisha shamba. Alinitazama juu hadi chini kama mtu anayekagua bei.

“Umekonda,” akasema. Kisha akaongeza: “Nawa mikono, lakini usimwage maji mengi.”

Jioni tulikula muthokoi. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Heri angeniuliza. Mwishowe nikaona siwezi kumeza tena, nikatoa kaunta buku kwenye begi nikamwonyesha.

“Mama, nilisema nikifika 27 nitakuwa nimekujengea nyumba ya mawe. Ndiyo maana sikuwa nakuja. Niliona aibu.”

Aliacha kutafuna. “Ulimwambia nani?”

“Nilijiambia.”

“Na mimi nilikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Akachukua kitabu, akakisogeza karibu na taa, akasoma polepole mstari wa nne. Akakirudisha mezani.

“Mimi nilikuomba gata,” akasema.

Nikakumbuka.

Chama chao cha kina mama kilikuwa kikinunuliana matangi kwa zamu, na zamu ya mama ilipofika akapata tangi la lita 1,000. Lakini paa lake lilikuwa na gata upande mmoja tu, na hiyo ilikuwa imeliwa na kutu. Mvua ikinyesha, maji yalimwagika uani. Mwezi wa Julai 2023 alinipigia akaniambia fundi anataka kama elfu saba hivi, kama ninaweza kumsaidia hata nusu. Nilikuwa nimetoka kulipia ploti wiki chache tu zilizopita. Nilimjibu, na nakumbuka maneno yangu yote: “Mama, achana na gata. Nakujengea nyumba yenye tangi kubwa.”

Hakuuliza tena.

Mwisho wa mwaka huo huo ikaja El Niño. Unaikumbuka. Barabara zilikatika, madaraja yakabebwa, watu wakahama makwao. Maji yote hayo yalipita juu ya paa la mama yakaenda zake. Ilipokwisha, akarudi kuchota kwenye kisima, mtungi wa lita 20 mgongoni, kwa sababu binti yake alikuwa na tarehe.

Mimi nilijiona mtoto mwenye malengo. Nilijiona nampenda kuliko watoto wanaotuma elfu mbili mbili na kuja Krismasi na mkate. Kumbe ile nyumba niliyokuwa nimemjengea kichwani ndiyo iliyoninyima kumwekea gata. Kila kitu kidogo nilikiona cha aibu mbele ya kile kikubwa. Sikutaka kutuma elfu tatu, nilitaka kuleta funguo.

Hiyo ndiyo hasara ya tarehe hizi ambayo haisemwi sana. Tunasema zinaleta msongo wa mawazo, na ni kweli. Lakini pia zinakufanya ubane mkono na moyo. Unamnyima mtu cha leo, halafu unajisifu kwa cha kesho ambacho hakipo.

Wale waliochelewa

Najua tukifika hapa kuna mtu atanitajia Eliud Kipchoge. Sawa, tumtaje. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003 akiwa na miaka 18. Mwaka wa 2012, akiwa na miaka 27 kama mimi, alishindwa kuingia timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata alikimbia marathoni yake ya kwanza kule Hamburg akashinda, na yaliyofuata unayajua: dhahabu ya Rio 2016, dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, na Vienna Oktoba 2019 alipokimbia kwa saa 1:59:40.

Lakini tusidanganyane. Mimi si Kipchoge. Ukichelewa si lazima upate dhahabu, wengi wetu hatutaipata. Ninachokipenda katika hadithi hiyo ni mwaka wa 2012. Alipoikosa London hakujificha mpaka awe na medali ya kuonyesha. Alibadilisha mbio.

Anayenigusa zaidi ni mzee Kimani Maruge. Januari 2004 aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Guinness ikamwandika kuwa mtu mzee zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi. Watu humtaja kama mzee aliyechelewa akajitahidi. Mimi naona tofauti. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imetangazwa Januari 2003. Mlango ulifunguliwa, na mwaka mmoja baadaye mzee alikuwa ndani, na kaptura na soksi. Ukihesabu tangu azaliwe, alichelewa miaka 78. Ukihesabu tangu mlango ufunguliwe, alichelewa mwaka mmoja tu.

Tangu nifikirie hivyo, nimejaribu kuhesabu upya mambo yangu. Si kila nilichokosa nilikikosa kwa uzembe. Mengine mlango ulikuwa umefungwa.

Basi tulale?

Nasikia msomaji fulani akisema: wewe mwandishi unawatetea wavivu. Bila tarehe vijana watalala hadi saa sita.

Swali hilo nilimuuliza mama pia, asubuhi ya kuondoka, tukiwa tumesimama kando ya shamba. Alinionyesha mitaro aliyolima.

“Mimi sijui mvua itaanza tarehe ngapi,” akasema. “Hakuna anayejua. Lakini nikingoja inyeshe ndipo nilime, nitalala njaa. Kwa hivyo shamba linakuwa tayari. Mvua ikija inikute.”

Mama hana tarehe ya mvua, na hajawahi kulala hadi saa sita. Kuacha tarehe si kuacha kazi.

Na kuna tarehe za kweli, hizo usicheze nazo. Kodi ya nyumba kwangu ni tarehe 5, na keateka wa ploti yetu anaijua kufuli kuliko anavyolijua jina langu. Mkopo wa HELB hausahau. Daktari akikuambia upasuaji ni mwezi huu, nenda mwezi huu. Na dada zangu, sisemi kwamba mwili hauna saa. Unayo, na mambo ya kuzaa ni vizuri kumuuliza daktari mapema. Lakini muulize daktari, usimuulize shangazi wa matangani, na usiolewe na mtu ambaye hata hucheki naye kwa sababu tu 28 inabisha hodi.

Mimi sasa kila tarehe naiuliza maswali matatu. La kwanza: nani aliiweka? Kama ni mimi wa miaka 19, huyo msichana alikuwa hajawahi hata kulipa kodi ya nyumba. La pili: nikiikosa, nani ataumia, na ataumia vipi? Kama atakayeumia ni jina langu tu kwenye stetasi, inaweza kungoja. La tatu ndilo zito: kuna mtu ninayemnyima kitu kidogo leo kwa sababu nangoja kumpa kikubwa siku hiyo?

Kama jibu la swali la tatu ni ndiyo, usimalize kusoma makala haya. Mpigie simu.

Orodha yangu sasa

Sikulichoma kaunta buku. Nilichukua biki nikafuta namba, maneno nikayaacha. Isipokuwa kazi ya ofisi, hiyo niliifuta yote. Nilipoitazama vizuri niligundua sijawahi kuitaka, niliiona tu kwenye runinga. Digrii imebaki, na nimeanza kuulizia kama masomo niliyofanya yanaweza kutambuliwa mahali pengine. Labda itakuwa stashahada, tutaona. Ndoa ipo, haina namba. Ploti ipo, na safari hii nitaikanyaga kwanza kwa miguu yangu. Nyumba ya mama ipo. Bado ninaitaka, tena sana.

Na kama unadhani 27 ni uzee, soma Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010. Kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Katiba ya Kenya imenipa miaka minane zaidi ya ule mstari wangu wa nne. Nani mimi nibishane na Katiba?

Juu ya ukurasa, mahali palipokuwa patupu, niliongeza mstari mmoja: Gata.

Mwisho wa Septemba nilituma Sh7,400. Hizo zilikuwa za gata pande zote mbili, vyuma vya kushikilia na ujira wa fundi. Zilitokana na jozi kumi na moja za viatu na usingizi mwingi wa alfajiri.

Mwanzoni mwa Novemba mama alinipigia usiku. Nilishtuka, kwa sababu saa hizo huwa amelala. Nikashika simu, nikamwita, hakujibu. Nilisikia tu kelele, nikadhani ni mtandao. Kisha nikaelewa kwamba ameshikilia simu karibu na tangi.

Alipoiweka sikioni aliniuliza swali moja. Krismasi unakuja?

Ninakwenda. Na mkate.